Tagi ya King'ora cha Wezi: Jina Si Ushahidi



Mhariri wa sehemu yetu ya Kiswahili ameniomba niandike somo la maarifa kwa lugha nyepesi. Nimechagua kitu kidogo ambacho watu wengi wa mjini hutembea nacho mfukoni bila kukijua. Ni kile kidude cha plastiki, ukubwa wake kama kifungo cha koti, kinachoning'inia kwenye pete ya funguo. Mwenye nyumba akikisogeza karibu na mtambo wa ukutani, king'ora cha wezi hunyamaza. Watu hukiita tagi.

Sikuchagua jambo hili kwa kuwa ni la ajabu. Nimelichagua kwa kuwa liliingia katika jamaa yetu, likamfukuzisha mtu kazi. Nami nilikuwapo siku ile, nikaona ni haki.

Yaliyotokea

Mjomba wangu, ambaye naye alisoma katika shule hii, ana nyumba Kampala. Miaka michache iliyopita alimwita fundi, akamfungia king'ora. Milangoni kuna visumaku vinavyojua mlango ukifunguliwa, na pembeni mwa sebule kuna jicho linalotambua joto la mwili wa mtu apitaye. Mtu akitoka nyumbani hukitega king'ora kwa tagi, kama mtu ategavyo mtego. Akirudi hupewa nusu dakika ya kukitegua kwa tagi ile ile. Nusu dakika ikipita, mtaa mzima huamka.

Mjomba alipewa tagi nne, na kila moja ina namba yake katika daftari la mtambo. Ya kwanza ni yake, ya pili ni ya mkewe, ya tatu alipewa kijana wa kazi za nyumbani, na ya nne iliwekwa kabatini.

Jumapili moja watu wote wa nyumba walikwenda kanisani. Kijana wa kazi alipewa ruhusa kwenda kumwona mama yake upande wa pili wa mji. Waliporudi walikuta televisheni haipo, kompyuta haipo, na bahasha iliyokuwa na karo yangu ya muhula haipo. Mlango haukuvunjwa. King'ora hakikulia. Mjomba akatazama daftari la mtambo, akakuta limeandikwa: Tagi Na. 3, saa nne na dakika 14 asubuhi.

Kijana aliporudi jioni aliulizwa. Akatoa pete yake ya funguo, akasema, "Mzee, tagi yangu hii hapa. Haikutoka mfukoni mwangu leo hata mara moja."

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Maana, kama tagi haikutoka mfukoni mwake, basi mfuko ndio uliokuja nyumbani. Mjomba akasema, "Mtambo hauna ndugu wala adui. Umeandika namba tatu." Kijana akafukuzwa usiku ule ule, na mshahara wa mwezi ule hakupewa.

Ndani ya tagi mna nini?

Muhula uliofuata tulisoma habari za umeme na sumaku. Mwalimu wetu wa fizikia alitueleza jambo aliloligundua Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831: nguvu ya sumaku ikibadilika-badilika karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa katika waya ule, ingawa haukugusana na kitu chochote. Baada ya kipindi nilimwuliza kama tagi ya king'ora ina betri. Hakunijibu. Alitoa tagi mbovu katika saraka yake, akanipa kisu kidogo, akaniambia niitazame mwenyewe.

Niliipasua. Ndani hamkuwa na betri. Mlikuwa na koili ya waya wa shaba, mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi. Na ncha zake mbili zilishikana na chipu ndogo mno. Basi, hakuna zaidi.

Kazi yake ni hii. Mtambo wa ukutani nao una koili yake, na ndani yake umeme huenda na kurudi mara 125,000 kwa sekunde moja. Twaita masafa hayo kilohezi 125. Tagi ikisogezwa, koili yake hupata umeme kutoka kwa koili ya ukutani, sawasawa na alivyosema Faraday. Umeme huo ni mdogo, lakini watosha kuiamsha chipu. Chipu ikiamka huanza kuongeza na kupunguza mzigo wake wa umeme kwa mpangilio maalumu, na mtambo wa ukutani huhisi mabadiliko hayo kama vile mvuvi anavyohisi samaki akivuta mshipi. Kwa njia hiyo tagi husema bila kuwa na nguvu yake mwenyewe. Ndiyo maana yapaswa kuwa karibu, sentimeta chache tu.

Na tagi husema nini? Katika aina iliyoenea sana, ambayo mafundi huijua kwa jina la EM4100, tagi husema alama 64, na kila alama ni 1 au 0. Alama hizo huitwa biti. Biti 9 za kwanza zote ni 1. Hizo ni kama kubisha hodi, kuuarifu mtambo kwamba maneno yanaanza. Biti 40 ndizo namba yenyewe: kwa kawaida 8 ni za kundi la tagi, na 32 ni za tagi hiyo peke yake. Biti 14 ni za ukaguzi, na ya mwisho ni 0, yaani nimemaliza. Jumlisha mwenyewe: 9 na 40 na 14 na 1 ni 64.

Tagi ikimaliza huanza tena. Katika mwendo wake wa kawaida kila biti huchukua mapigo 64 ya umeme, kwa hiyo jina zima huchukua mapigo 4,096. Gawanya 125,000 kwa 4,096, utaona kwamba tagi hulitaja jina lake mara 30 hivi kila sekunde. Hulitaja kwa mtambo wowote unaoiamsha, uwe wa mwenye nyumba au wa mwingine. Haiulizi, "Wewe ni nani?" Haina masikio ya kusikia jibu.

Ukaguzi si ulinzi

Mtu aweza kuuliza: zile biti 14 za ukaguzi, je, hazimzuii mwizi? La, hazimzuii. Kazi yake ni nyingine. Biti 40 za namba hupangwa mistari 10, kila mstari biti nne. Kila mstari huongezewa biti ya tano ili hesabu ya moja-moja isigawanyike kwa shida, yaani iwe shufwa. Mathalan, mstari wa 1011 una moja tatu, basi huongezewa 1, zipate kuwa nne. Mstari wa 1001 una moja mbili, basi huongezewa 0. Chini ya safu nne huongezwa biti nne kwa kanuni ile ile. Kumi na nne zimetimia.

Biti moja ikisikiwa vibaya, hesabu hukataa, na mtambo husubiri tagi iseme tena. Huo ni ulinzi juu ya makosa ya usikivu. Lakini mwizi akinakili namba hunakili na ukaguzi wake. Nakala yake ni safi kabisa, na mtambo huikubali kwa furaha. Tukumbuke basi ya kuwa ulinzi wa makosa si ulinzi wa wezi, ingawa yote mawili huitwa ulinzi.

Namba kubwa si siri

Fundi aliyemwuzia mjomba alimwambia kwamba tagi zake ni salama, kwa kuwa namba ni zaidi ya bilioni nne. Katika hesabu hakudanganya. Biti 32 hutoa namba 4,294,967,296. Mwizi akisimama mlangoni na kujaribu namba moja kila sekunde, bila kula wala kulala, atazimaliza zote baada ya miaka 136 hivi. Kwa kubahatisha, hawezi.

Lakini mwizi habahatishi. Mwizi husikiliza. Kuna chombo kinachoweza kushikwa mkononi ambacho huiamsha tagi, huisikia ikijitaja, kisha huliandika jina lile katika tagi tupu inayokubali kuandikwa. Tagi tupu za namna hiyo huuzwa wazi, maana zina matumizi mengi ya halali.

Fikirini mlinzi wa usiku langoni pa shule yetu. Akiuliza, "Nani huyo?" nasi tukijibu kwa majina yetu, na yeye akifungua kwa jina tu, bila kutumulika uso kwa tochi, lango hilo halina ulinzi. Hata kama jina langu lingekuwa refu kama barabara ya kwenda Jinja, yeyote aliyenisikia nikilitaja jana aweza kulitaja leo. Urefu wa jina humzuia abahatishaye. Haumzuii asikiaye.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Daftari la mtambo halikuandika kwamba kijana aliingia. Halikuandika hata kwamba tagi ya kijana iliingia. Liliandika kwamba jina la tagi namba tatu lilitajwa pale ukutani, saa nne na dakika 14. Mengine yote tuliyaongeza sisi.

Jaribio

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa mjomba. Nilimsalimu, nikakaa siku mbili nikitafuta namna ya kusema, maana si rahisi mtoto kumwambia mkubwa wake kwamba alikosea. Siku ya tatu nikasema, "Mjomba, niwie radhi. Naomba ruhusa nijaribu jambo kwa tagi ya mkeo."

Alikubali. Nasisitiza hapa, hasa kwenu wadogo zangu wa vidato vya chini: nilijaribu kwa ruhusa ya mwenye mali, nyumbani kwake, yeye mwenyewe akitazama. Kunakili ufunguo wa mtu bila ruhusa yake ni wizi, hata kama hukuchukua kitu.

Nilikwenda kwa mchonga funguo wa mjini, mwenye kibanda kando ya njia, nikampa tagi namba mbili, nikamwambia nataka nyingine kama hiyo. Hakuniuliza jina langu wala nyumba yangu. Aliiweka juu ya chombo chake, akabonyeza, akaweka tagi tupu, akabonyeza tena. Kazi yote ilikwisha kabla sijamaliza kuhesabu fedha zake.

Niliporudi, mjomba alikitega king'ora. Nilimpa tagi ya mkewe, nikamwomba aishike kwa mkono wake, aukunje mkono, na akae barazani. Mimi nikaingia na ile nakala, nikaisogeza ukutani. King'ora kikatulia. Kisha nikamwita aje atazame daftari. Limeandikwa: Tagi Na. 2.

Mjomba alitazama daftari, akatazama mkono wake, akaufungua. Tagi ilikuwamo. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akaniambia jambo ambalo halikutajwa siku ile ya wizi. Wiki chache kabla ya wizi, yeye mwenyewe alimtuma yule kijana kwenda kuchongesha ufunguo wa mlango wa mbele. Kazi ilikuwa nyingi kibandani, na pete nzima ya funguo ikashinda huko kutwa.

Msomaji, usikimbilie kusema kwamba mchonga funguo ndiye mwizi. Pete ilikaa kibandani ambako watu wengi huingia na kutoka, na kabla ya hapo ilikuwa imepita mikono mingine. Nikimtaja yeye kwa hayo tu, nitakuwa nimerudia kosa lile lile la mjomba.

Tagi inayotegua kitendawili

Je, hakuna tagi iliyo salama? Ipo, na njia yake twaijua tangu utoto. Jioni kando ya moto mmoja husema, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Ndipo aulizapo, na ajuaye hutegua. Tagi nzuri hufanya hivyo. Haitaji jina lake tu. Mtambo huitegea swali, na swali hilo ni namba ya kubahatisha ambayo haitarudiwa. Tagi huichanganya namba hiyo na siri iliyo ndani yake, kisha hutoa jibu. Mtambo nao unaijua siri, kwa hiyo hufanya hesabu ile ile na kulinganisha. Siri yenyewe haitamkwi kamwe. Mwizi aliyesikia swali la jana na jibu lake hana faida nayo, kwa kuwa swali la leo ni jingine.

Tufanye mfano kwa kalamu. Siri ya mtambo na tagi ni 37. Kanuni ni kuzidisha swali kwa siri na kubakiza tarakimu mbili za mwisho. Mtambo wauliza: 43. Tagi yazidisha 43 kwa 37, yapata 1,591, yajibu 91. Kesho mtambo wauliza 29. Hesabu ni 1,073, na jibu ni 73. Majibu hayafanani, na 37 haikusikika popote.

Lakini kanuni hii ni ya darasani tu. Mwizi aliyesikia 43 na 91 atachukua karatasi, ajaribu siri zote kuanzia 0 hadi 99. Hazizidi 100. Kabla ya chakula cha jioni atakuwa ameipata 37. Kwa hiyo swali na jibu peke yake havitoshi. Yahitajika siri iwe ndefu sana, na kanuni iwe ngumu kurudishwa nyuma.

Kanuni kama hiyo ipo wazi kwa watu wote. Yaitwa AES, na ilitungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Serikali ya Marekani iliifanya kuwa kipimo rasmi mwaka 2001, baada ya mashindano ya miaka kadhaa ambamo wataalamu wa nchi nyingi waliruhusiwa kuzivunja kanuni za wenzao kama wangeweza. Siri yake fupi kabisa ina biti 128, na idadi ya siri hizo ni namba yenye tarakimu 39. Hakuna penseli wala kompyuta itakayozijaribu zote.

Siri ikae katika ufunguo, si katika kanuni

Hapa pana somo la historia. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Philips ilianza kuuza chipu iitwayo MIFARE Classic, yenye masafa ya megahezi 13.56. Chipu hii ilikuwa na swali na jibu. Ilienea duniani, katika milango ya ofisi na katika kadi za kusafiria za London na za Uholanzi. Lakini siri yake ilikuwa ya biti 48 tu, na kanuni yake ilifichwa. Waliounda walitumaini kwamba asiyeijua kanuni hataweza kuivunja.

Desemba 2007, katika mkutano mjini Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza jinsi walivyoikwangua chipu tabaka kwa tabaka, wakaipiga picha kwa hadubini, na kuisoma kanuni kutoka katika mpangilio wa vijisehemu vyake. Mwaka uliofuata, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba kanuni ile ina udhaifu mkubwa na kadi zaweza kunakiliwa. Kampuni ya NXP, iliyorithi kazi ya Philips, ilikwenda mahakamani kuzuia maelezo yao yasichapishwe. Julai 2008 mahakama ya Arnhem ilikataa ombi hilo, na maelezo yakatolewa Oktoba mwaka ule ule.

Jambo hili lisingewashangaza waliomsoma Auguste Kerckhoffs. Mwalimu huyu, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika mwaka 1883 kwamba mtambo wa siri za kijeshi yafaa uwe salama hata kama adui ameukamata. Kinachofichwa kiwe ufunguo, ambao waweza kubadilishwa upesi, si namna ya mtambo wenyewe. Kila kasha jema hufuata neno hilo. Fundi wote wajua kufuli lilivyo ndani, lakini hawana ufunguo wako.

Yatupasayo

Kwa wanafunzi wa zamani wenye nyumba na maduka, naleta ushauri huu kwa heshima.

Kwanza, kabla hujalipa, mwulize fundi: "Tagi hii hujibu swali, au hutaja jina tu?" Asipoielewa tofauti, mtafute mwingine. Uliza pia kama mtambo wa ukutani huitumia siri ya tagi. Ipo mitambo inayouzwa na tagi nzuri, lakini yenyewe husoma namba ya juu tu. Hapo fedha zako zimepotea, kwa maana umemwajiri mwerevu na kumwuliza jina lake pekee.

Pili, ikiwa tayari unayo tagi ya kutaja jina, usiitupe na usilale kwa hofu. King'ora chako bado humzuia mwizi asiye na nakala. Ila weka na namba ya siri ya kubonyeza, ili kutegua kuhitaji vitu viwili: kile ulicho nacho na kile unachokijua.

Tatu, tagi ikipotea, ifute katika daftari la mtambo siku ile ile. Na ile ya kabatini isiyotumika, ifute pia.

Nne, usiiache tagi pamoja na funguo nyingine kwa mwosha magari, mchonga funguo, au rafiki wa rafiki. Itoe kwenye pete kwanza. Wala usiandike anwani yako juu yake.

Tano, kila mtu awe na tagi yake, na mtambo ukiweza ukuarifu kwa simu kila unapoteguliwa. Mjomba angepata ujumbe ule saa nne na dakika 14, angalimpigia yule kijana papo hapo na kumwuliza yuko wapi.

Sita, nalo ndilo kubwa: daftari la mtambo ni mwanzo wa maswali, si hukumu. Uliza nani aliishika tagi, ilipita wapi, na nani alimwona mtu huyo saa ile. Yule kijana alikuwa na mama yake na majirani wa mama yake. Hatukuwauliza hata mmoja.

Neno la mwisho

Mjomba alimtafuta yule kijana kwa siku nne. Alimkuta kwenye ghala moja, akibeba mizigo. Nilikwenda naye. Mjomba alimwamkia, akamwambia alikosea, akampa mshahara wa mwezi ule na nyongeza juu yake. Kijana aliuhesabu mshahara, akauweka mfukoni, akairudisha nyongeza. Mjomba alipomwomba arudi nyumbani, alijibu kwa adabu, "Mzee, nashukuru. Hapa wanaandika kwa kalamu, na mwandishi huniona uso." Kisha akarudi kwenye magunia yake.

Ndugu zangu, katika maisha tutakabidhiwa mitambo mingi itakayotuambia nani alifanya nini. Tusome kwa bidii, tujue kila mtambo unasikia nini hasa, na unasema nini hasa. Asiyejua hayo humhukumu mtu kwa jina lililotajwa na mwingine.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita